Saa Iliyohesabu Hatua Zangu

Kama umetoka hospitali na daktari amekuambia uhesabu hatua zako za kila siku, nakuomba usome haya kabla hujachagua cha kuhesabia. Mimi nilichagua vibaya. Sikuchagua peke yangu, lakini kiuno kilichobeba ile saa kilikuwa changu, na moyo uliokuwa unakata tamaa taratibu ulikuwa wangu pia.

Habari za moyo unavyofanya kazi sitazieleza, maana sizijui. Madaktari walinieleza mara mbili na mara zote niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Ninachojua ni jinsi unavyochoka, na jinsi mtu anavyoweza kuchoka huku nyumba nzima ikishangilia kwamba amepona.

Mtoto wangu wa tatu, Tumaini, alizaliwa Chimala tukiwa kwenye mavuno ya mpunga, siku ambazo treni ya Zambia ilikuwa bado ngeni na watoto walitupa kila kitu kukimbilia reli ikilia. Nilijifungua vizuri. Mama mkwe wangu, ambaye tangu nimeolewa hakuwahi kunisifu hata kwa bahati mbaya, alisema, "Huyu umemzaa kama mtu mwenye akili." Wiki ya tatu kandambili zikakataa kuingia miguuni. Nikibonyeza mguu kwa kidole, shimo linabaki pale, linanitazama. Tukasema ni uzazi. Mama mkwe akanipikia uji mzito na mchuzi wa chumvi nyingi, akakaa mbele yangu mpaka bakuli liishe. Alikuwa ananipenda kwa namna aliyoijua, naye hakujua kwamba ile chumvi ilikuwa inanimaliza.

Kisha nikaanza kulala nimekaa, mgongo kwenye gunia la mpunga, kwa sababu nikilala chali nilisikia mtu mzito amenikalia kifuani. Hapo mume wangu aliogopa. Baba Neema ni mtu wa josho. Kazi yake ni kusimama pale ng'ombe wanapoingizwa kwenye dawa ya kupe, na kuwahesabu mmoja mmoja kwa kile kidude cha chuma cha kubonyeza kwa dole gumba. Si mtu wa kutishika ovyo. Lakini asubuhi moja alinikuta nimeegemea lile gunia, midomo imebadilika rangi, akasema tu, "Vaa. Tunakwenda Mbeya."

Benchi la pale hospitali ninalikumbuka kuliko kitanda nilicholazwa baadaye. Mbao mbili, moja imepinda, na baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba ikipanda kutoka kwenye sementi mpaka kiunoni. Tulikaa tangu alfajiri mpaka jua likageukia upande wa pili wa jengo. Pembeni yangu alikuwa mama wa Tukuyu, Mama Ambakisye, mnene wa mwili na mwembamba wa sauti, miguu yake imevimba kama yangu. Alimenya ndizi ya kuchemsha akanikatia nusu.

"Kula, mwanangu. Hili benchi linakula watu nguvu."

Aliniambia yeye pia ugonjwa ulimwanza baada ya kuzaa, na kwamba daktari angenipa hesabu. Nikauliza hesabu gani. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa sweta akatoa maharage.

"Hatua. Mie nikipiga mia, harage moja linahama mfuko. Jioni nahesabu maharage. Unacheka? Cheka tu, lakini utahesabu."

Nilicheka kweli. Ndicho kicheko cha mwisho ninachokikumbuka mwaka ule.

Daktari alikuwa mzee wa maneno machache. Alisikiliza kifua changu muda mrefu, akarudia, akamwita mwenzake naye akasikiliza. Hawakuambizana kitu mbele yangu. Kisha akakaa.

"Mama, moyo wako umechoka. Dawa nitakupa, na chumvi uache kabisa. Lakini kuna kazi yako mwenyewe. Wagonjwa wa namna hii hawajui wanapozidiwa. Leo anaacha kwenda kisimani, kesho anaacha kwenda bandani, kesho kutwa amekaa mlangoni anasema hajambo. Kila jioni uandike hatua ulizotembea siku nzima. Zikipanda, endelea na dawa. Zikishuka siku tatu mfululizo, usingoje tarehe ya kliniki. Panda basi uje."

"Na nikichelewa?"

Alimtazama Tumaini aliyelala mgongoni mwangu. "Huyu wa ngapi?"

"Wa tatu."

"Basi usichelewe."

Tulipotoka, Baba Neema hakutaka kusikia habari za maharage. Mke wake hatatembea na mboga mfukoni. Alinipeleka kwa fundi saa mmoja karibu na soko, mtu wa miwani minene, tukamweleza shida yetu. Akafuta kioo cha meza kwa kiganja, akaweka vitu viwili.

Cha kwanza nilikijua kabla hakijatua. Kilikuwa ndugu wa kile cha joshoni: chuma cha mviringo, kitundu cha namba, kitufe cha dole gumba.

"Hiki si cha kuhesabia ng'ombe?" Baba Neema akasema.

"Hata watu kinahesabu, bwana. Ila lazima abonyeze mwenyewe, kila hatua."

"Huyu ana mtoto mgongoni na ungo mikononi. Atabonyeza saa ngapi?"

Fundi akasogeza cha pili. Kilikuwa kama saa ya mfukoni, chepesi, kinang'aa, kina kibanio cha kushika mkanda na mshale mdogo mwekundu. Kimetoka Japani, alisema. Akakitikisa mara moja, kikasema tik, mshale ukasogea unywele mmoja.

"Hii inajifanyia kazi. Unaibana kiunoni, unaisahau."

Nisiseme uongo: na mimi niliitaka. Nilikuwa nimechoka, na mtu ananiambia kuna kitu kitakachoushika ugonjwa wangu kwa niaba yangu, nami nikausahau. Ukikutana na kitu cha namna hiyo, wewe unayesoma, kiache hapohapo mezani.

Nyumbani mama mkwe aliizungushazungusha ile saa mkononi, akaiweka sikioni.

"Inajuaje kama umetembea?"

"Ndani mna kitu kinacheza, mama," mume wangu akamwambia. "Ukitembea, kinacheza."

"Kinacheza," akasema. Akairudisha, akachukua ufagio wake.

Lazima nikuambie kuhusu huo ufagio. Mama mkwe alifagia uwanja kila asubuhi kabla mtu hajatoka, akianzia jikoni na kurudi kinyumenyume mpaka njiani, ili asiache hata unyayo wake mwenyewe. Uwanja ulibaki na mistari myembamba kama nywele zilizochanwa. Ukitoka kwenda chooni kabla hajamaliza, umechokoza vita. Miaka yote mimi niliona ni ukorofi tu wa kizee.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Dawa ilinikojolesha mpaka nikapata aibu, miguu ikapungua, nikaweza kulala nimejinyoosha nusu. Jioni Baba Neema aliinama kiunoni kwangu, akasoma mshale, akaandika kwenye daftari la shule kwa mwandiko wake ule wa joshoni. Elfu mbili. Elfu mbili na mia tatu. Nilikwenda kisimani polepole bila ndoo, kutembea tu, na majirani wakanisalimu kana kwamba nimetoka safari.

Kliniki ya pili, Mama Ambakisye hakuwepo kwenye benchi. Nesi aliliita jina lake. Akaliita tena, akatazama kushoto na kulia, kisha akaichukua kadi na kuiweka chini kabisa ya nyingine zote. Kliniki ya tatu hakuliita. Nilikuwa nimembebea mchele kidogo wa Usangu, nikarudi nao mpaka Chimala.

Kiangazi kikakolea. Mwezi wa kumi kwetu ni vumbi na joto, mashamba yamebaki mabua, watu wanaangalia mawingu yasiyokuja. Hapo Tumaini akaanza kulia. Si kilio cha tumbo wala cha meno, ni kilio cha njaa, kwa sababu maziwa yangu yalikuwa yanakauka na mimi sikutaka kukubali. Anyonye, aachie, alie. Nilimfunga mgongoni nikasimama mlangoni, bega kwenye fremu, nikawa namrusharusha palepale. Kiuno kinapanda, kinashuka. Asubuhi, mchana, alasiri. Akinyamaza nakaa kwenye kigoda, akilia nasimama tena. Na kule kiunoni kitu kinasema tik, tik, tik.

Elfu tatu na mia moja. Elfu tatu na mia nane.

"Unaona!" Baba Neema alisema, akamwonyesha hadi jirani. "Mwanamke huyu atanipita mbio."

Nami nilifurahi. Nilianza kuona miguu imejaa tena jioni, nikasema ni joto. Kikohozi kikavu kikaja, nikasema ni vumbi. Nikaacha kwenda kisimani kwa sababu Neema, binti yangu mkubwa, alikuwa amekua wa kuweza kwenda. Nikaacha kwenda bandani kwa sababu kuku hawakuwa na shida. Kila kitu kilikuwa na sababu yake nzuri. Namba ziliniambia napona, na nikaziamini kuliko miguu yangu mwenyewe.

Mama mkwe hakuwa anacheka. Nilimwona jioni amesimama katikati ya uwanja, mikono nyuma, anatazama chini kama aliyepoteza sindano. Siku moja wakati tunakula alisema, "Huyu apelekwe Mbeya."

"Kliniki bado wiki mbili, mama."

"Nimesema apelekwe."

"Mama, usimtishe mgonjwa. Namba zinapanda. Daktari alisema zikishuka."

"Mie sijui namba."

"Basi waachie wanaozijua," alisema mume wangu. Sijawahi kumsikia akimjibu mama yake hivyo, kabla wala baada ya hapo. Mama aliweka tonge chini na kunawa. Siku mbili hawakusemeshana ila kwa kupitia watoto.

Siku ya tatu, jua lilipokuwa linaelekea mlimani, Baba Neema alirudi kutoka joshoni akanikuta mahali pangu, bega kwenye fremu, Tumaini mgongoni. Akainama kusoma. "Elfu nne na mia mbili!" Kabla hajanyanyuka, mama yake akamwita kutoka uwanjani.

"Njoo unisomee na mie, maana mie sikwenda shule."

Akaenda. Nilisikia kila neno, palikuwa karibu.

"Hizi za nani?"

"Zangu, mama. Nimepita sasa hivi."

"Hizi?"

"Za watoto."

"Na za mkeo ziko wapi?"

Mama mkwe akamwonyesha kwa ncha ya ufagio. Mbele ya mlango, pale miguuni pangu, vumbi lilikuwa limekanyagwa mpaka limekuwa gumu, mduara mdogo, kama pale anapofungwa mbuzi kwa kamba. Kutoka hapo mstari mmoja wa nyayo kwenda jikoni, na mmoja kurudi. Basi. Uwanja mzima uliobaki ulikuwa bado na mistari ya asubuhi.

"Wiki iliyopita alifika mpaka kwenye mpera," mama alisema. "Juzi aliishia kwenye jiwe la kusagia. Leo ni hapa. Wewe unasema elfu nne. Ziko wapi? Nionyeshe."

"Mama, saa haiwezi..."

"Nipe hiyo saa."

Alikuja kwangu, akaibandua kiunoni bila kunitazama usoni, akaibana kwenye kitenge chake. Akamchukua Tumaini, akamfunga mgongoni. Kisha akasimama mbele ya mwanawe, miguu yake mikavu imegandamana na ardhi, na akaanza kumbembeleza mtoto. Juu, chini. Juu, chini. Hakunyanyua hata kisigino.

Tik, tik, tik, tik.

Baba Neema alichuchumaa akautazama ule mshale ukitembea. Mtu huyu kwa miaka yote ya josho hakuwahi kutia sahihi ng'ombe ambaye hakumwona kwa macho yake. Alikaa pale chini akiuangalia mpaka mama akaacha mwenyewe.

Nilitaka kusema kitu. Nilitaka kusema sijambo. Nikapiga hatua kuwafuata, ya pili, ya tatu, na uwanja ukaanza kwenda mbali. Hapo ndipo nilipopata hofu kamili, hofu yenye ubaridi wake, kwa sababu nilijua sikumbuki mara ya mwisho nilipotembea mpaka kwenye mpera, ule pale, ambao ningeweza kuupiga kwa jiwe.

Hatukungoja basi la asubuhi. Mume wangu alinibeba mgongoni mpaka barabara kuu, kabla jua halijazama, watu wote wa sokoni wakituangalia, mtu mzima amebeba mke kama mtoto. Tulisimamisha lori la mpunga liendalo Mbeya. Tumaini alibaki kwa bibi yake, aliyetusindikiza naye mpaka barabarani. Nilimsikia akilia mpaka lori lilipowashwa, na nilifikiri: hii ndiyo sauti nitakayoondoka nayo.

Daktari alilipokea daftari, akapitisha kidole kwenye safu za namba zote zinazopanda vizuri.

"Daftari lako linasema umepona," alisema. Kisha akabonyeza mguu wangu, chini ya goti, na shimo likabaki. Baba Neema alimweleza habari ya mtoto na saa. Mzee yule hakumlaumu. Alivua miwani, akaniambia, "Siku mbili zaidi, mama, tusingeonana."

Wodini nilihesabu siku kwa sindano. Sindano nane za kwanza sizikumbuki vizuri. Ya tisa niliomba maji. Ya kumi na nane niliweza kulala mito miwili badala ya minne. Mwanamke wa kitanda cha dirishani alitolewa amefunikwa, na alasiri kitanda kilikuwa kimetandikwa upya, shuka imenyooka, kama hakujawahi kuwa na mtu. Mvua za kwanza zilinikuta mle ndani, zikipiga bati kwa nguvu kiasi kwamba hatukuweza kusemeshana, nami nikafikiria uwanja wetu umelowa na hakuna anayeweza kusoma kitu.

Rehema zilikuwepo, tena ndogondogo. Nesi mmoja alikuwa akinipasha miguu kwa chupa ya maji moto aliyoifunga kwa soksi yake mwenyewe. Barua ilikuja, imeandikwa na Neema kwa herufi kubwa: TUMAINI ANAKUNYWA MAZIWA YA NGOMBE. BIBI ANASEMA USIWE NA HARAKA. Niliiweka chini ya mto mpaka ikachanika.

Mume wangu alikuja Jumamosi moja, akakaa ukingoni mwa kitanda muda mrefu anakunja na kukunjua kofia.

"Mimi ndiye niliyekuletea ile saa."

"Tuliichagua wote, Baba Neema."

"Na mama nilimjibu vibaya."

"Hilo ukamalize naye. Mimi sina nguvu."

Alicheka kidogo, machozi yakimtoka. Kisha akatoa kitu mfukoni akaniwekea kiganjani. Kidude cha chuma chenye kitufe. Alikuwa ameirudisha ile saa kwa fundi na kuchukua cha ng'ombe.

Nilipotoka nilipelekwa kwanza kwa mama yangu mzazi, Kilolo, kwenye hewa ya juu, ambako hakuna aliyetegemea nifanye kazi. Daktari alikuwa amesema nisizae tena, na hilo nalo lilihitaji mahali pa kulilia. Pale, kwenye njia ya kuelekea shamba la njegere, nilijifunza kutembea na dole gumba. Mguu wa kulia ukitua, bonyeza. Siku ya kwanza arobaini. Siku ya pili thelathini na tano, nikaogopa. Mpaka mahindi mabichi yanaiva nilikuwa nafika mia sita, na mpaka baridi ya mwezi wa sita nilifika barabarani na kurudi. Kidude kile hakikuhesabu kitu ambacho mimi mwenyewe sikukijua. Kinachosha, na ndiyo faida yake. Siku nisiyotaka kubonyeza nilijua kwa nini sitaki.

Basi ushauri wangu ni huo. Kama unaweza, chagua kitakachokusumbua. Kama huna, maharage yanatosha. Na awepo mtu mmoja nyumbani ambaye hasomi namba zako, anakutazama wewe tu.

Huu ni mwaka wa tatu tangu nirudi Chimala. Tumaini anakimbilia reli na wenzake. Mwezi uliopita mama mkwe aliniachia ufagio, alisema mgongo unamsumbua, na mimi nikajisikia nimepandishwa cheo. Nafagia kama yeye, kinyumenyume mpaka njiani, na watoto wakitoka mapema nawafokea kwa sauti yake.

Nyayo za mama mkwe nazijua, ndogo, kidole gumba cha kushoto kimepinda. Wiki iliyopita zilifika bandani. Juzi zilifika kwenye mpera. Jana jioni nilisimama katikati ya uwanja, mikono nyuma, nikatazama chini kwa muda mrefu.

Nimemwambia Baba Neema atafute basi la asubuhi. Mama amekasirika, hataki kunisemesha. Amekaa kwenye kigoda mlangoni, anasema yeye hajambo, ni joto tu.